Pleko kwenye ndoo ya rangi

Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa, bodaboda akasimama getini, nyuma kabeba mtu kapakata ndoo ya rangi ya lita 20. Mtu mwenyewe ni mwalimu fulani, tunajuana kwa mambo haya haya ya samaki wa mapambo, kapata uhamisho wa Tunduru, fuso ya mizigo inakuja alfajiri, vyombo vimeshafungwa, tangi kashaliuza, kabaki na kiumbe mmoja tu ambaye hakuna mtu anamtaka.

"Kaka, nisaidie huyu."

Nikafunua kifuniko. Pleko, yule samaki wa mdomo wa kunyonya. Karibu sentimita 35, mkia umejikunja maana ndoo imeisha samaki hajaisha, na ukimgusa mgongoni ni mabamba ya mfupa matupu, magamba ya kawaida hana. Mwalimu anasema alimnunua Dar akiwa na urefu wa kidole cha mwisho, akaambiwa huyu ni samaki wa kusafisha, weka mmoja na hutosugua kioo tena.

Nikamwambia tangi langu halimuwezi. Akashusha pumzi, akasema basi atamwomba mtu ampeleke Kitere, huku huku Mtwara, akamwachie kule ziwani.

"Si maji tu?" akamalizia.

Nikaichukua ndoo. Usiku ule pleko alilala kwenye beseni kubwa la kufulia, mke wangu hakusema kitu ila aliniangalia kwa namna ambayo walioko kwenye ndoa wanaijua. Mimi nilibaki na lile neno la mwalimu, wiki zikapita bado naligeuza kichwani, hasa kwa kuwa na mimi wakati ule ule nilikuwa natafuta samaki wa kunyonya kwa ajili ya tangi langu la mimea.

## Kila mtu anataka mfagizi

Ukiwa na akwariamu nyumbani, swali la kwanza la mgeni ni samaki wanakula nini, la pili ni "huna yule anayesafisha?" Hata fundi vioo aliyenitengenezea tangi, sentimita 80 kwa 40 kwa 40, kabla silikoni haijakauka alishaniambia tafuta yule wa kubandika mdomo kwenye kioo.

Na mimi nilimtaka, sikatai. Kioo cha mbele kilikuwa kinaota utando wa kijani kila baada ya siku chache, majani ya Anubias yana vidoti vya kijani visivyotoka, kwenye mbao kuna ndevu ndevu nyeusi. Kila nikisoma ushauri naambiwa chukua pleko. Hakuna anayeuliza kwa nini utando unaota.

Unaota kwa sababu taa ilikuwa inawaka tangu asubuhi mpaka tunalala, na dirisha la upande wa magharibi linaachia jua la saa kumi lipige tangi moja kwa moja. Nikanunua taima ya kwenye plagi, taa ikawa masaa 7, dirisha nikalipa pazia. Utando ukapungua kwa zaidi ya nusu bila samaki yeyote kuajiriwa.

Kilichobaki nafuta na kadi ya benki iliyoisha muda wake. Dakika tatu.

Halafu kuna hili ambalo wauzaji hawalisemi: samaki akila ule ukijani lazima aunye, tena jamii hii wanakunya balaa, kutwa nzima. Kwahiyo uchafu haujatoka ndani ya tangi, umebadilisha umbo tu, umetoka kwenye kioo umeenda kwenye mchanga, utarudi tena kama mbolea ya ukijani mwingine. Kinachoutoa ni wewe na ndoo yako ya kubadilishia maji. Na zile ndevu nyeusi pleko hazigusi, wala ule utando wa bluu-kijani unaonuka, ambao kiukweli ni bakteria. Vile vidoti vigumu kwenye kioo ndio kabisa, pale labda konokono. Kuna konokono mmoja mwenye mistari, jina lake la kisayansi limetokana na Natal, watu wa Ulaya wanamnunua kwa hela nzuri tu kwa kazi hiyo, na kwao ni kwenye mikoko na midomo ya mito ya pwani hii hii ya mashariki ya Afrika. Tuendelee.

Basi nikajiuliza: kama kioo nafuta mwenyewe, huyu samaki namtakia nini? Jibu la kweli ni kwamba nawapenda. Napenda anavyotembea kwenye mbao kwa mdomo, anavyojificha mchana na kutoka usiku, lile umbo la kizamani. Hiyo ni sababu tosha ya kumfuga mnyama, na ukishaikubali unaanza kuchagua tofauti kabisa.

## Hesabu vijiti vya pezi

Jamii yenyewe inaitwa Loricariidae, kwao ni Amerika ya Kusini na kipande cha Amerika ya Kati, spishi zake ni mamia kwa mamia na wapya bado wanagunduliwa. Wengine hawana hata jina rasmi, wanaitwa kwa namba zinazoanzia na herufi L, utaratibu ulioanzishwa na jarida moja la Ujerumani, DATZ, mwaka 1988, kwa vile samaki walikuwa wanafika sokoni haraka kuliko wanasayansi walivyoweza kuwapa majina.

Sasa kati ya mamia hayo, anayefika huku kwetu mara nyingi ni yule yule mmoja. Kwenye vitabu jina la pleko wa kawaida ni Hypostomus plecostomus, ila wanaouzwa kwa jina hilo wengi ni jamii ya Pterygoplichthys, na hao wanagonga sentimita 40 bila shida. Wanafugwa kwenye mabwawa huko Asia na Florida kwa maelfu, ndio maana ni rahisi.

Akiwa mdogo atakudanganya. Sentimita 5, ana madoa mazuri, mpole, amebandika mdomo kwenye kioo cha muuzaji. Pembeni yake kuna pleko wa ndevu, Ancistrus, ambaye akikua sana ni sentimita 12 mpaka 15, naye akiwa mdogo ndevu hazijaota bado. Unawatofautishaje?

Pezi la mgongoni. Subiri alisimamishe, au mwambie muuzaji apige picha kwa pembeni, halafu hesabu vile vijiti laini vinavyolishikilia. Ancistrus ana 7 hivi, ukiacha ule mwiba wa mbele. Pterygoplichthys ana 9 au zaidi, mara nyingi 10 kwenda juu, pezi lenyewe pana kama tanga la dau. Hiki kitu kimoja tu mwalimu angekijua pale dukani, ile ndoo isingekuwepo.

Mie nilimhesabu yule wa kwenye beseni, taa ya simu mdomoni. Nikafika 12 nikaacha.

Na upana wa tangi langu, nikumbushe, ni sentimita 40. Samaki wa 35 humo anageuka kwa kujikunja. Achilia mbali mimea: akipiga mkia mara moja Vallisneria zote zinaelea juu.

## "Si maji tu"

Hapa ndipo nilipokosa usingizi.

Wazo la mwalimu halikuwa baya kwa nia. Mtu mwenye roho mbaya angemtupa jalalani paka wakamaliza kazi. Yeye alitaka samaki aishi. Na ukweli ni kwamba angeishi, tena vizuri sana, hiyo ndiyo shida. Pleko huyu akikosa oksijeni majini anapanda juu anameza hewa, tumbo lake linafanya kazi ya mapafu. Nje ya maji anavumilia masaa mengi. Ana silaha ya mabamba mwili mzima, miiba ya mapezi akiifungua ndege anayemmeza anajuta. Madume wanachimba mashimo kwenye kingo za mto ya kutagia, marefu mpaka mita moja, mvua ikija kingo zinaporomoka.

Haya yameshatokea. Florida yamejaa. Kule Mexico kwenye bwawa la Infiernillo, wavuvi waliokuwa wanavua perege walijikuta wanavuta nyavu zimejaa pleko zimechanika. Afrika Kusini wapo kwenye mto Mhlathuze, KwaZulu-Natal, na hao hakuna aliyewapeleka kule ila wafugaji wa nyumbani waliochoka.

Sisi Watanzania kuelezwa habari ya samaki mgeni ni kama kumweleza Mmakonde habari ya kinyago. Sangara aliwekwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, furu wakaisha, aina mia na zaidi, wengine hata hatukuwahi kuwapa majina.

Ila mimi sikutaka kwenda mpaka Mwanza. Kuna habari ya hapa jirani imenikaa. Mwaka 2021 wanasayansi walichapisha kwamba kwenye maziwa madogo ya Lindi, Rutamba, Nambawala na Mitupa, kuna perege wa aina ya Oreochromis korogwe, spishi ambayo ilikuwa inajulikana kwa watu wa kaskazini huko, Pangani, Korogwe, mamia ya kilomita kutoka hapa. Wamekaa kusini peke yao muda mrefu sana mpaka wana vinasaba vyao tofauti, na hapo hapo wakagundua kwamba wameshaanza kuchanganyika na perege wageni walioletwa kwa ajili ya ufugaji. Yaani siku tuliyowagundua ndio siku tuliyojua tunawapoteza.

Nimekula samaki wa Rutamba toka mdogo. Sikujua.

Kwahiyo Kitere, au Chidya, au Ruvuma wenyewe ambao nusu ni wa Msumbiji, si maji tu. Na ukishakubali hilo, swali la kuchagua pleko linabadilika, si tena yupi anakula ukijani, ni huyu akiwa mkubwa atakuwa wapi, na mimi nikihama je?

## Maji ya kwetu na joto la kwetu

Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wenye hita. Sisi shida yetu ni kinyume. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, kabla mvua haijatulia, maji ya tangi asubuhi ni digrii 28 na jioni yanagusa 30, hapo hujaweka kitu chochote, ni Mtwara tu inafanya kazi yake.

Maji yakipata moto yanabeba oksijeni kidogo. Kwenye digrii 25 lita moja ya maji baridi inaweza kushika miligramu 8.3 hivi, kwenye 30 inashuka mpaka 7.6. Unaona ni tofauti ndogo, ila kumbuka samaki naye akiwa kwenye joto anahitaji oksijeni nyingi zaidi, na usiku mimea uliyoipanda kwa mapenzi inaacha kutoa oksijeni inaanza kuitumia. Wale wanaotengeneza gesi ya kaboni ya kulishia mimea kwa chupa ya hamira na sukari, jueni ile chupa hailali usiku. Umeme ukikatika saa nane ya usiku filta imesimama, hapo ndipo utakuta pleko alfajiri yuko juu anavuta hewa. Nina pampu ndogo ya hewa ya betri, na mchana wa joto kali naelekeza feni juu ya maji, inashusha digrii moja au mbili.

Ugumu wa maji ni jambo jingine. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, visima vingi vina chokaa, sufuria la chai linajieleza lenyewe. Nikipima pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, napata 7.8, wakati mwingine 8. Kwa hiyo lile jiwe zuri la matumbawe uliloliokota Msangamkuu liache liwe pambo la sebuleni, ukiliweka kwenye tangi linaongeza chokaa juu ya chokaa.

Hivi viwili, joto na chokaa, ndivyo vilivyonifutia nusu ya orodha kabla hata sijaangalia bei.

## Wasiwasi wa oto

Kwa tangi la mimea kila mtu anataja Otocinclus, oto kwa kifupi. Na wana haki. Ni vidogo, sentimita 3 mpaka 5, vina mstari mweusi ubavuni, vinakaa kundi la 6 au zaidi, vinalamba jani la mmea mpaka linang'aa na halitobolewi hata kidogo. Ukiviona kwenye video unasema basi, hivi hivi.

Nilikaribia sana kuagiza.

Ila kuna mambo yanayonisumbua kwa oto. Wengi wao wanavuliwa mitoni Amerika ya Kusini, hawajazaliwa kwenye tangi. Njiani wanakaa siku nyingi bila kula, na samaki anayeishi kwa kulamba utando kutwa nzima akikaa na njaa sana utumbo unakuwa kama umesahau kazi, anafika kwako anaonekana mzima, wiki mbili anaanza kufa mmoja mmoja, wewe unalaumu maji. Akishavuka mwezi wa kwanza kwenye tangi lililokomaa anakuwa imara tu. Ni hapo mwanzo.

Halafu wanapenda digrii 22 mpaka 26 na maji laini. Halafu basi la Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 500, kwenye boksi chini ya siti, na mnakumbuka masika ya 2024 barabara ilivyokatika watu walilala njiani.

Nikamwandikia muuzaji wa Dar, nikamuomba anirushie video ya wale oto wakiwa wamebandika kioo, apige kutokea upande wa tumbo. Hilo ndilo la kuangalia, tumbo. Oto mwenye afya tumbo limejaa, limevimba kidogo. Akanirushia, kwa ustaarabu kabisa, nikaangalia, matumbo yameingia ndani.

Nikamjibu, kaka nashukuru, siku nyingine. Akajibu, "hamna shida boss, ila wanakula vizuri." Nikaangalia ile video mara nyingi zaidi ya inavyostahili.

Kuna msomaji ataniambia yeye anao Mtwara hii hii na wako fiti mwaka wa pili. Naamini. Kama una chumba chenye kiyoyozi na unachanganya maji ya mvua, fanya. Mimi sina kiyoyozi.

## Waliofutwa haraka

Yule wa njano mwenye mdomo wa kunyonya, Gyrinocheilus, si jamii moja na pleko kabisa, katoka kusini mashariki ya Asia, akiwa mdogo anakula ukijani, akikua anapitiliza sentimita 25 na kuanza kunyonya ubavu wa samaki wenzake. Hapana.

Wale weusi weupe wenye mistari wa mto Xingu mnaowaona YouTube, Hypancistrus zebra: Brazil wamezuia wasivuliwe na kusafirishwa, bwawa la Belo Monte limewaharibia mto, bei yake unanunua pikipiki, na isitoshe wanakula nyama, ukijani hawana habari nao.

Panaque wanaotafuna mbao, wazuri sana, ila mbao yenyewe imeonekana inapita tu tumboni bila kuyeyushwa kivile, na tangi litajaa unga wa mbao kila siku. Farlowella, yule mwembamba aliyefanana na kijiti, nilimtamani, ila hapendi joto wala maji yaliyokosa hewa, na wenzake wakimzidi kasi kwenye chakula anakonda kimya kimya.

## Yule mwenye ndevu

Nikabaki na Ancistrus, na mwanzoni nilikuwa namdharau kwa vile ni wa kawaida mno. Mwisho huo ukawaida ndio ulionishawishi. Anazalishwa kwenye matangi ya watu kizazi na kizazi, kazoea maji ya pH 6 mpaka karibu 8, digrii 28 anavumilia kama hewa ipo, na ukubwa wake wa mwisho unaingia kwenye tangi langu bila kukunjwa.

Dume ndio ana zile ndevu nyama nyama zinazoota juu ya pua, jike anazo fupi pembeni ya mdomo au hana kabisa. Madume wawili kwenye tangi la ukubwa wangu watagombania pango, kwahiyo dume mmoja.

Mimea je? Hapa watu hugombana. Mwenye tumbo lililoshiba haharibu. Mwenye njaa anaparua yale majani mapana laini ya Echinodorus mpaka yanabaki ngozi inayopitisha mwanga. Kwangu Echinodorus ni mmoja tu, nikamtoa, nikampa jirani, nikabaki na Anubias ambaye jani lake ni gumu na kwao ni Afrika Magharibi, na Java fern niliyoifunga kwenye mbao, na Vallisneria nyuma. Chakula nampa usiku nikizima taa: kipande cha tango, boga, mchicha nilioupitisha kwenye maji ya moto. Kisamvu usijaribu, kibichi kina sumu. Asubuhi natoa mabaki, maana kwenye joto hili tango linaoza kabla ya saa nne.

Dawa za samaki zenye shaba angalia sana, jamii hii haipendi, na konokono zitakufa zote.

## Mbao, vifuu, majani ya mkungu

Hapa Mtwara tuna utajiri ambao watu wa akwariamu wa kwingine wanaulipia.

Yale majani makubwa ya mkungu yanayogeuka mekundu na kudondoka, yanafagiliwa kila asubuhi na kuchomwa moto pale Shangani na kule ufukweni Lindi, ni bidhaa. Duniani yanauzwa yamefungwa kwenye pakiti, kwa hela. Unaokota lililokauka lenyewe mtini, mbali na barabara, unalisuuza, unaliweka. Maji yanapata rangi ya chai nyepesi, jani linaanza kulainika, juu yake inaota tabaka la vijidudu ambalo pleko wadogo wanalamba mpaka inabaki mishipa mitupu. Usitegemee litashusha pH ya maji yetu, chokaa ni nyingi mno. Ila chakula na maficho ni hapo.

Pango: kifuu cha nazi. Toboa mlango wa kumtosha dume aingie kwa kubanana, chemsha, geuza chini juu.

Mbao ndiyo iliyonisumbua. Pleko anahitaji sehemu ya kuparua. Kuna rafiki mchongaji alinipa bure kipande cha mpingo, akasema huu hauhitaji kufungiwa jiwe, unazama wenyewe, na ni kweli unazama. Lakini huyo huyo anavyouchonga anajifunga kitambaa puani kwa vile vumbi lake linawasha na kupandisha mafua, nikajiuliza kitu kinachomfanyia hivyo binadamu, samaki anayekilamba usiku kucha itakuwaje. Nikamrudishia kwa shukrani. Mikoko siigusi, kukata bila kibali ni kosa na hata ile iliyokufa ina kazi pale ilipo. Nikatumia tawi la mpera lililokauka miaka, nikalichemsha kwa vipande, nikaliloweka kwenye pipa mpaka likaacha kuelea.

## Kuna wa kwetu pia

Mtu mmoja aliniuliza, sasa kwa nini usitafute wa kwetu? Swali zuri kuliko alivyojua. Afrika tuna samaki wa kunyonya, Chiloglanis, wa familia moja na ngogo, mdomo wake umegeuka kisahani kabisa, anabandika kwenye mawe ya mto unaokimbia na maji hayamng'oi. Tanzania wapo aina kadhaa, wengi hawafiki hata sentimita 10.

Nilikaa nalo hilo wazo muda mrefu, lilikuwa linanivuta kwa sababu lingenitoa kwenye habari ya samaki wageni. Lakini huyu anaishi penye maji ya kasi, yenye hewa tele. Kumleta kwenye tangi tulivu la digrii 29 ni kumuua taratibu ili mimi nijisikie mzalendo. Labda siku nikitengeneza tangi refu lenye pampu ya nguvu, bila mimea laini, kwa ajili yake peke yake.

## Mjomba na simtanki

Mnataka kujua yule wa kwenye beseni.

Nilizunguka. Kumuua kwa heshima niliwaza, na bado nadhani ni jibu halali kuliko ziwa. Ila mjomba wangu upande wa Naliendele ana simtanki la lita 2,000 lililopasuka juu, kalikata, kaliweka chini ya mwembe, anamwagilia bustani. Nikaenda na ndoo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeniletea kambare?"

Nikamweleza. Akamtazama muda mrefu, akauliza, "Analiwa?"

Analiwa, nikamwambia, kwao Amazoni wanamchoma hivyo hivyo na mabamba yake. Mjomba akacheka, akasema hapana, huyu sura yake imekaa kama mtu aliyesoma. Akamwita Mwalimu. Nilimpigia mwalimu mwenyewe kule Tunduru nikamwambia jina, alicheka mpaka simu ikakatika.

Mahali palipo na ukuta wa plastiki hachimbi shimo, na mafuriko hayafiki pale. Mjomba anampa maganda ya boga na mabaki ya tikiti. Lakini samaki huyu anaweza kuishi miaka 10 na zaidi, na mjomba wangu ana miaka 71. Sijamwambia mtu yeyote wa familia kwamba ninafanya hiyo hesabu.

## Vifaranga

Wangu walifika salama, dume na jike, kutoka kwa mtu wa Lindi anayezalisha mwenyewe, safari ya masaa mawili tu badala ya ile ya Dar. Alikuwa amewanyima chakula tangu jana yake ili wasichafue maji njiani, na mifuko kaifunga miwili miwili ili miiba isitoboe. Mtu anayejua kazi.

Na juzi dume akaingia kwenye kifuu hakutoka. Nikamulika: kichala cha mayai ya rangi ya chungwa, yeye juu yake anapepea kwa mkia. Kwa Ancistrus baba ndio analea, jike akishataga kazi yake imeisha. Kichala kinaweza kuwa na mayai 50, kinaweza kuwa na 100.

Furaha ilidumu mpaka nilipokaa chini nikawaza hao 50 wataenda wapi. Nao ni wageni hapa, sentimita 12 au 35, mtoni hawaruhusiwi kufika. Nikiwagawa ovyo nitakuwa yule muuzaji wa Dar aliyemuuzia mwalimu.

Kwahiyo natangaza mapema. Vifaranga vitakuwa tayari kutoka vikifika sentimita 3, bure kwa watu wa Mtwara na Lindi. Uje na ndoo yenye kifuniko, picha ya tangi lako likiwa na maji, na uniambie ni lita ngapi: urefu mara upana mara kina kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Chini ya 80 sikupi, hata kama ni shemeji. Na ukihama, au ukichoka, au mwenye nyumba akikufukuza na tangi lako, unanirudishia mimi, saa yoyote, hata baada ya magharibi.